Zulia la gari limechoka? Shika brashi kabla hujashika simu ya kukopa

Hebu fanya jambo moja leo jioni kabla hujazama TikTok. Nenda kwenye gari lako, au la mzazi wako, au hilo unalokodi kwa wiki ili ufanye teksi ya apu. Toa mati ya upande wa dereva. Piga magoti, weka kiganja juu ya zulia lililo chini yake na ubonyeze kwa nguvu. Kisha nusa kiganja chako.

Sasa tunaweza kuongea.

Wasee wengi wenye ndai hawajawahi kufanya hivyo. Wanajua bei ya rimu. Wanajua spika gani inapiga besi hadi vioo vya jirani vinatetemeka. Lakini sakafu wanayoikanyaga kila siku hawaijui. Siku abiria anapokunja pua, au mnunuzi anapokata bei baada ya kufungua mlango tu, ndipo wanashtuka. Na wakishashtuka, kinachofuata ni simu: mkopo wa apu, Fuliza, au ujumbe mrefu kwa binamu aliye ng'ambo. Thao kadhaa zinaenda kwa zulia jipya au kwa usafi wa ndani wa haraka haraka, na baada ya wiki mbili harufu imerudi kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea hadi mwisho: zulia la gari lililochakaa si sababu ya kuingia deni. Mara nyingi linahitaji Jumamosi moja yenye jua, vitu ambavyo tayari viko jikoni kwenu, na mikono yako mwenyewe. Tena ukilisafisha mwenyewe utapata kitu kikubwa kuliko usafi. Utajua gari lako linakuficha nini.

Umri wa zulia lako

Tuanze na ukweli kuhusu magari tunayoendesha. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopitisha miaka minane. Mengi ya haya tunayonunua yanatoka Japan na kushushwa Mombasa yakiwa yametumika kwa miaka kadhaa. Vitz, Demio, Note, Probox, unazijua. Ukilinunua gari hilo kwa mkono wa pili au wa tatu hapa nyumbani, ongeza mingine mitano au kumi. Kwa hivyo zulia unalolikanyaga linaweza kuwa na umri wa mdogo wako aliye sekondari.

Katika miaka hiyo yote limekunywa maziwa, soda, chai na maji ya mvua. Kama unaishi Ruaka au Kikuyu, limekula udongo mwekundu. Kama unaishi Utawala, Syokimau au Kitengela, limekula ule udongo mweusi unaong'ang'ania kiatu hadi unatembea kama umevaa matofali. Zulia halikatai kitu. Linapokea tu.

Jambo la pili ni kwamba zulia la gari si kitambaa cha kutandika. Limeumbwa kiwandani kufuata umbo la sakafu ya gari hilo, likapitishwa chini ya viti, chini ya mikanda na pembeni mwa gia. Chini yake kuna tabaka la sponji au nyuzi nene za kuzuia kelele na joto. Ndiyo maana kulibadilisha ni ghali: unalipia zulia, kisha unalipia fundi wa kung'oa viti vyote na kuvirudisha. Na ukikutana na fundi wa haraka, anakukatia kitambaa cha mita na kukigundisha juu ya lile kuukuu. Hapo umelipa pesa ili uchafu upate blanketi.

Hii si hadithi ya urembo

Kuna mtu atasema, "Aah, zulia tu? Si gari linatembea?" Linatembea, ndiyo. Lakini hesabu hivi.

Kwanza ni mfuko wako. Kama unafanya teksi ya apu, unajua kanuni za mwaka wa 2022 zinazuia kampuni kukata zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Hata kampuni ikifuata kanuni hiyo, bado unatoa mafuta, bado unatoa kodi ya gari, bado unakula. Kinachobaki kinategemea nyota zako. Na abiria hatakuambia usoni kwamba gari linanuka. Atashuka, aseme asante, apige hatua tatu, kisha akupige nyota tatu. Kama unauza gari, ni vivyo hivyo. Mnunuzi akiona shimo chini ya kisigino cha dereva na kunusa unyevu, anajiuliza ni nini kingine hukukitunza. Bei inashuka kabla hata injini haijawashwa.

Pili ni kifua chako. Kitu kilicholowa na kisikaushwe kinaweza kuanza kumea kuvu ndani ya saa 24 hadi 48. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani na zulia bichi ni kama sufuria iliyofunikwa: joto, unyevu, giza chini ya viti. Mtu mwenye pumu hahitaji kuelezwa kuvu hufanya nini kifuani. Na mara nyingi anayekaa karibu zaidi na sakafu hiyo ni mtoto kwenye kiti cha nyuma.

Tatu ni gari lenyewe. Sponji iliyo chini ya zulia hushika maji kimya kimya. Juu panaweza kuonekana pamekauka huku chini bado ni bwawa. Maji hayo yanakula bati la sakafu na yanazifikia nyaya zinazopita humo. Kumbuka mafuriko ya Aprili na Mei 2024, vile magari yalimezwa na maji jijini Nairobi. Mengine yaliuzwa baadaye yakiwa yameoshwa na kupuliziwa manukato. Ukienda kununua gari, usiishie kwenye rangi. Inua zulia pembeni, angalia kama kuna tope kavu chini yake, na ukague vyuma vinavyoshika viti kama vimeshika kutu.

Nne ni uhai. Mnamo Agosti 28, 2009, karibu na San Diego, Marekani, gari aina ya Lexus ES 350 lilishindwa kupunguza mwendo na watu wanne wa familia moja wakafa. Wachunguzi waligundua kwamba mati ya gari la aina nyingine ilikuwa imewekwa humo na kuishika pedali ya mafuta. Mwezi uliofuata, Toyota iliwaambia wenye magari karibu milioni 3.8 nchini Marekani watoe mati za upande wa dereva. Sasa jiulize: mati yako ya dereva ilitengenezewa gari lako, au uliokota tu iliyokuwa na rangi nzuri?

Kwanza jua maji yanatoka wapi

Baada ya kuacha chuo niliosha magari mtaani kwa miezi kadhaa, na somo kubwa nililotoka nalo ni hili: zulia linalolowa kila mara halina shida ya uchafu. Lina shida ya bomba au mpira. Ukiosha bila kuziba chanzo, unafua nguo huku mvua inanyesha.

Kama upande wa abiria wa mbele umelowa na hakujanyesha, shuku AC. AC hutoa maji, na kuna kijibomba cha kuyapeleka chini ya gari. Kikizibwa na majani au vumbi, maji yanarudi ndani na kumwagika kwenye zulia. Dalili ni rahisi: umewasha AC kwa safari nzima, umeegesha, na hakuna hata tone linaloanguka chini ya gari. Kuzibua kijibomba hicho ni kazi ndogo kwa fundi.

Kama linalowa mvua ikinyesha tu, kagua mipira ya milango na kingo za kioo cha mbele. Kama gari lina dirisha la juu, kagua mifereji yake ya kutolea maji. Mwagia maji kwa mtungi nje huku mwenzako amekaa ndani na tochi ya simu.

Na kama unyevu una harufu tamu tamu na kioo cha mbele kinashika ukungu wenye mafuta, hayo si maji ya mvua. Ni maji ya kupoza injini yanayovuja ndani. Hapo weka brashi chini, nenda kwa fundi.

Fungua kabati la jikoni

Unachohitaji ni hiki: baking soda paketi mbili au tatu, siki nyeupe chupa moja, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, brashi mbili (moja ya kufulia, nyingine mswaki wa zamani), chupa ya kupulizia, taulo kuukuu au fulana ulizochoka nazo, na mitungi miwili ya maji. Ukiweza kuazima mashine ya kunyonya vumbi, azima. Ukiikosa, ufagio mdogo wa mkono na subira vitafanya kazi. Hata ukinunua vyote hivyo upya dukani mtaani, hesabu haifai kufika thao moja.

Chagua siku vizuri. Januari na Februari jua ni rafiki. Juni hadi Agosti Nairobi ni baridi na mawingu, na zulia linaweza kukaa siku mbili halijakauka. Anza asubuhi mapema. Ukianza saa tisa mchana, utalala na gari bichi.

Kazi yenyewe

Toa kila kitu: mati, chupa, risiti, sarafu, kiatu kimoja cha mtoto ambacho hamjawahi kuelewa kilifikaje hapo. Sogeza viti mbele kabisa, baadaye nyuma kabisa. Mati za kitambaa zigonge ukutani hadi ziache kutoa vumbi. Mati za mpira zioshe kwa sabuni na uzianike kivulini.

Usiguse maji bado. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Udongo mkavu unatoka kwa brashi, lakini ukiulowesha unakuwa tope, na tope linashuka chini kwenye sponji ambako hutalifikia tena. Piga brashi zulia lote, kwanza upande mmoja kisha upande wa pili, hadi mchanga upande juu, halafu nyonya au fagia. Rudia mara mbili. Nywele na nyuzi zilizokwama utazitoa kwa kuvaa glavu ya mpira na kuburuta mkono kuelekea upande mmoja. Zinajikusanya zenyewe.

Nyunyiza baking soda juu ya zulia lote, isugue kidogo kwa brashi na uiache angalau saa moja. Kama harufu ni sugu, ifanye Ijumaa usiku na uiache hadi asubuhi. Kisha iondoe yote. Hii ndiyo inayopambana na harufu yenyewe. Kale ka-mti ka manukato kanakoning'inia kwenye kioo hakaondoi harufu. Kanaitafutia jirani tu.

Sasa changanya vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji katika lita moja ya maji vuguvugu. Usiongeze sabuni ukidhani unaongeza usafi. Sabuni inayobaki kwenye nyuzi inanata, na kinachonata kinaita vumbi. Zulia linachafuka upesi kuliko mwanzo, nawe unalaumu barabara.

Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, mathalan chini ya kiti, uone kama rangi inatoka. Ikiwa sawa, piga maji hayo hadi yatoe povu jingi, uchote povu kwa brashi, usichote maji. Osha kipande chenye ukubwa wa gazeti lililofunuliwa, kisha kifute kwa kitambaa chenye maji safi kilichokamuliwa vizuri. Suuza kitambaa, kamua, futa tena. Maji ya ndoo yakiwa rangi ya chai ya mkandaa, yabadilishe. Utashangaa utayabadilisha mara ngapi. Maliza kipande kimoja ndipo uende kwa kingine. Ukilowesha gari lote kwa pamoja, nusu itakauka na madoa kabla hujaifikia.

Ukimaliza kusuuza, changanya siki sehemu moja na maji sehemu mbili kwenye chupa ya kupulizia. Pulizia kidogo tu kila mahali, subiri dakika kumi, futa. Siki inasaidia kuvunja masalia ya sabuni na harufu. Itanukia kachumbari kwa saa chache, kisha itaisha yenyewe gari likikauka.

Hapo nina neno na wale wanaochanganya siki na baking soda kwenye beseni moja kwa sababu waliona video ikichemka kwa mbwembwe. Povu lile ni tindikali na magadi vinavyouana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Tumia kimoja, kiondoe, ndipo utumie kingine.

Mwisho ni kukausha, na usifupishe hapa. Tandika taulo kavu, panda juu yake ukanyage kwa miguu, badilisha taulo, rudia. Fungua milango yote juani. Kama una feni, ielekeze chini ya dashibodi. Pindua kingo za zulia pale zinapoachilia ili hewa ipite chini. Likikaribia kukauka, lipige brashi kavu nyuzi zisimame. Hapo ndipo zulia linaanza kuonekana jipya: lililokuwa limelala limeamka.

Madoa yana tabia zake

Doa la mafuta, liwe la chipo au la gereji, usilipige maji. Limwagie unga wa mahindi au baking soda, uache unyonye usiku kucha, ufagie, ndipo utumie sabuni ya vyombo. Sabuni hiyo imetengenezewa mafuta.

Maziwa na damu vinataka maji baridi. Maji moto yanavigandisha ndani ya nyuzi, na maziwa yaliyoganda ndiyo baba wa ile harufu ambayo hakuna manukato huiweza.

Bigijii igandishe kwa kipande cha barafu kilichofungwa ndani ya mfuko. Ikishakuwa ngumu, ikwangue kwa ncha ya kijiko.

Udongo mwekundu una rangi hiyo kwa sababu ya kutu ya madini ya chuma. Subiri ukauke kabisa, upige brashi, nyonya. Rangi ikibaki, paka maji ya ndimu, acha dakika kumi, futa kwa maji safi. Lakini jaribu chini ya kiti kwanza.

Matapishi ya abiria wa Ijumaa usiku, ole wako ndugu, yafagie kwa kadibodi bila kuyasukuma ndani. Mwagia baking soda ya kutosha, acha ikauke, fagia, kisha osha mara mbili kama nilivyoeleza.

Pale palipotoboka na kupauka

Usafi haufufui nyuzi zilizokufa. Pale chini ya kisigino cha dereva, zulia huliwa hadi ukaona sponji. Kwa shimo dogo la sigara, kata nyuzi zilizoungua kwa mkasi. Chini ya kiti, mahali hakuna mtu huangalia, nyoa nyuzi chache za zulia hilohilo. Paka gundi ya fundi viatu kwenye shimo, bandika nyuzi hizo, weka uzito juu hadi ikauke. Ukitazama kwa haraka hutaliona tena.

Kwa shimo kubwa, kata kiraka kutoka chini ya kiti, au nunua kipande kilichobaki kwa wauza mazulia, chenye rangi inayokaribiana. Kigundishe kingo zote nne na uhakikishe hakuna ukingo unaoinuka. Kiraka kinachoinuka karibu na pedali ni mtego.

Kuhusu rangi iliyopauka, kuwa mwangalifu na ile rangi ya unga ya nguo. Nyingi zimetengenezewa pamba, na zulia la gari kwa kawaida ni nyuzi za plastiki. Rangi haishiki. Itaishia kwenye viatu na soksi nyeupe za abiria. Afadhali zulia lililopauka likiwa safi kuliko jeusi linalopaka watu.

Usifanye haya hata ukibembelezwa

Usimwage ndoo ya maji ndani ya gari, wala usiruhusu mtu aingize bomba la presha humo. Chini ya viti kuna nyaya, zikiwemo za mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga. Mara nyingi plagi zake ni za manjano. Usizichomoe, usizilowesha. Kung'oa kiti chenye nyaya hizo ni kazi ya fundi.

Usitumie Jik kwenye zulia la rangi. Inaacha baka ambalo hutaliondoa. Na kamwe usichanganye Jik na siki. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na ndani ya gari lililofungwa hiyo si harufu, ni sumu.

Usitoe doa la grisi kwa petroli. Mvuke wake unabaki ndani, na cheche moja inatosha.

Na ukimaliza yote, rudisha mati ya gari lako hasa, moja tu, na uhakikishe imeshikwa na kulabu zake. Kanyaga pedali zote tatu, au mbili, hadi mwisho kabla hujawasha injini. Mati isisogee.

Na vijana wa kuosha magari je?

Hapa najua nitapata simu. "Unatuambia tujioshee, na hawa mayut wanaotafuta unga kando ya barabara wale nini?" Swali halali, na nimelifikiria sana, kwa sababu ni kazi niliyoifanya.

Kwanza, bodi ya gari endelea kuwapelekea. Pia kuna mazulia ambayo mikono haitoshi: yaliyozama kwenye mafuriko, yaliyomea kuvu hadi chini, yanayohitaji mashine ya kunyonya maji. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye mashine, na umlipe vizuri bila kuanza kubishana naye soo mbili.

Lakini wenye sehemu za kuoshea magari nao wana deni kwetu. Nimeona gari likirudishwa kwa mwenyewe zulia likiwa bado bichi, limepuliziwa manukato na kufunikwa karatasi safi juu. Mteja anafurahi hadi Jumatano, kisha kuvu inapiga hodi. Huo si usafi. Mteja aambiwe ukweli kwamba zulia linahitaji saa kadhaa kukauka. Kama hana muda huo, asiuziwe kazi hiyo siku hiyo. Anayejua kazi inavyofanywa hawezi kudanganywa, na ndiye mteja atakayemthamini kijana anayeifanya vizuri.

Halafu kuna upande ambao wewe usiye na gari ndiye uusome. Vitu vyote nilivyotaja vinaingia kwenye ndoo moja. Katika ploti unayoishi, au ile ya jirani, kuna magari ambayo wenyewe hawana muda wala magoti ya kufanya kazi hii. Anza na la mjomba wako bure. Piga picha kabla na baada. Gari la pili lipishe kiasi kidogo. Hakuna atakayekuuliza cheti, wala wastani wa alama zako. Watatazama sakafu.

Mtaani tumefundishwa kwamba kuomoka ni kununua vipya. Rimu mpya, simu mpya, zulia jipya, na deni jipya la kuvilipia. Siamini hivyo. Mtu aliyeomoka ni yule anayejua kitu chake kinavyofanya kazi, anayejua lini cha kurekebishwa na lini cha kutupwa, na ambaye pesa yake haitoki mfukoni kwa sababu tu kuna harufu.

Jumamosi ikija na jua, usiende popote kabla ya saa sita. Vaa kaptula ya zamani, weka muziki, mwite ndugu au beste wako ashike taulo. Kufika jioni mtakuwa na mgongo unaouma na gari ambalo hamwogopi kulifungua mbele ya watu. Ile thao iliyobaki, jazeni mafuta.